Bunduki nzuri, au bunduki njema?

Wapo watu wanaoweza kukutajia urefu wa mtutu, uzito wa risasi na aina ya darubini bila kupepesa macho, lakini ukiwauliza risasi hiyo inakwenda kwa nani, wanakuona umeharibu mazungumzo. Nimeyasikia mazungumzo hayo mara nyingi mno hapa mjini, baada ya swala ya Isha, kwenye mabenchi ya kahawa. Watu wazima wenye akili zao wanabishana juu ya bunduki mpya ya wadunguaji wa jeshi la Marekani kama wanavyobishana juu ya Simba na Yanga. Mmoja anasema ya zamani ilikuwa imara zaidi. Mwingine anasema hapana, hii mpya ni mwisho wa matatizo. Sina ugomvi na ubishi, maana ubishi ni burudani ya mjini na haulipiwi kodi. Swali langu ni dogo tu: tunaposema silaha fulani ni nzuri, tunasema nini hasa?

Kwanza tuitazame hiyo bunduki yenyewe, maana si haki kukihukumu kitu usichokijua. Inaitwa Barrett MRAD, na jeshini imepewa jina la Mk22. Kampuni iliyoibuni, Barrett ya jimbo la Tennessee, ilianza mwaka 1982 kwa kutengeneza lile dude kubwa la risasi nene, ambalo lilizaa bunduki iitwayo M107, yenye uzito wa karibu kilo 13. Mwaka 2019 kamandi ya vikosi maalumu vya Marekani iliichagua hii mpya. Mwaka 2021 jeshi la nchi kavu likaingia mkataba wa karibu dola milioni 50 kwa bunduki zipatazo 2,800, ili zichukue nafasi ya silaha mbili tofauti, M107 ikiwa mojawapo. Piga hesabu mwenyewe, msomaji. Ni kama dola 17,800 kwa kila moja pamoja na vikorombwezo vyake, na darubini yake ina mkataba wa peke yake.

Sifa yake kubwa ni kwamba inafunguka na kubadilishwa. Mdunguaji analegeza skrubu mbili tu kwa spana, anachomoa mtutu, anaweka mwingine, anabadilisha bolti na, ikibidi, magazini, na bunduki ileile sasa inapiga risasi ya aina nyingine. Risasi zenyewe ni za aina tatu: ndogo ya kawaida ya majeshi ya NATO, ambayo ni nafuu na inafaa kwa mazoezi, na mbili kubwa za masafa, ambazo kwazo jeshi linasema mtu atapigwa umbali wa mita 1,500 na zaidi. Mita 1,500 ni kilomita moja na nusu. Aliyeko huko hakuoni wala hakusikii, na risasi inamfikia kabla ya mlio wake.

Ni chombo kilichotengenezwa kwa akili. Mimi nimelelewa na fundi cherehani, na tangu utotoni napenda kitu ambacho kila kipande chake kinaingia mahali pake bila kulazimishwa. Anayesema haoni uzuri wowote katika kazi kama ile, ama hajawahi kushika kazi ya ufundi au anajitia tu. Kwa hiyo sitawalaumu wanaobishana kwa kuuona uzuri huo. Upo.

Lakini lugha yetu imetufanyia hisani ambayo wengi hatuitumii. Kiswahili kina "zuri" na kina "ema". Nyumba nzuri, gari zuri, kisu kizuri. Halafu mtu mwema, neno jema, jirani mwema. Bunduki nzuri tunasema kila siku, na kila mtu anatuelewa. Je, umewahi kumsikia Mswahili yeyote, hata mlevi, akisema "bunduki njema"? Ulimi wenyewe unakataa. Na mimi nadhani ulimi umeona kitu ambacho ubishi wetu umekikwepa, kwamba kizuri kwa kazi yake hakijawa chema mpaka tuiulize kazi yenyewe.

Neno mdunguaji nalo litazame. Tunadungua embe. Tunadungua ndege. Kilichoko juu mtini, kisichokujua wala kukudhania, unakiangusha kwa jiwe moja ukiwa chini. Na Waingereza neno lao limetoka katika kumwinda ndege mmoja mdogo wa majimaji, mgumu kumlenga, ambaye maofisa wao walikuwa wakimpiga huko India katika karne ya 18. Lugha mbili zisizojuana, zote zimekwenda kuchukua jina la kazi hii katika mawindo na matunda. Hakuna iliyolichukua katika vita. Vita, kwa maana ya zamani, ni watu wawili ambao kila mmoja anaweza kumuua mwenzake. Hapa mmoja ni mtu, na mwingine amekuwa embe.

Sasa nifike kwenye hoja ya upande wa pili, na niitoe kwa nguvu zake zote, kwa sababu aliyeniletea ni mpwa wangu, kijana anayetengeneza simu pale Kariakoo, na si kijana wa kumdharau. Nilipomwambia haya ya embe alicheka, akaniuliza: "Sasa Mjomba, wewe unapendelea bomu?"

Akanikumbusha Mosul. Tarehe 17 Machi 2017, katika mtaa wa al-Jadida, wadunguaji wawili wa kundi la Daesh walikuwa juu ya paa la nyumba, na vikosi vya Iraq vikaomba msaada. Ndege ya Marekani ikaangusha bomu moja la ratili 500, yaani kilo zipatazo 227. Ndani ya jengo lile walikuwa wamejificha raia. Uchunguzi wa Marekani wenyewe, uliotolewa mwezi Mei mwaka huohuo, ulisema raia wasiopungua 105 waliuawa. Wakaongeza kuwa bomu lao liliwasha baruti ambazo Daesh walikuwa wameziweka ndani ya nyumba. Haya, chukua maelezo yao kama walivyoyatoa, usipunguze kitu. Bado hesabu ni ileile: watu wawili walitakiwa, na waliokufa ni zaidi ya mia moja, wake kwa waume na watoto wao.

"Angekuwepo pale mtu mmoja mwenye bunduki hii," alisema mpwa wangu, "zingetumika risasi mbili. Watoto wangekuwa hai. Wewe unaiona bunduki hii ni ukatili, Mjomba, mimi naiona ni rehema."

Nilinyamaza kidogo, maana hoja hii haipigwi teke. Dini yetu imekataza kuwaua wanawake na watoto vitani, na wasia wa Abu Bakr (r.a.) kwa jeshi lililokwenda Sham, wa kutowagusa wazee, watoto, wanawake na miti ya matunda, kila mwanafunzi wa madrasa anaujua. Mtu aliyepewa amri kama hiyo akaletewa silaha mbili, moja inayochagua na moja isiyochagua, hana ruhusa ya kuipuuza ile inayochagua. Hapa mpwa wangu yuko sawa na mimi sina cha kumpinga. Ikiwa vita vipo na ni vya haki, basi silaha inayomfikia mpiganaji na kumwacha mtoto wake ni bora kuliko inayowachoma wote.

Lakini tazama sharti liko wapi. Liko kwenye "inayochagua". Bunduki haichagui. Anachagua aliyelala nyuma yake. Silaha isiyokosea inampiga yule uliyemkusudia, basi. Ukiwa umemkusudia mpiganaji, itampiga mpiganaji, na ukiwa umemkusudia mama aliyekwenda kuchota maji, itampiga huyo kwa usahihi uleule na kwa skrubu zilezile mbili.

Wala hili si la kudhania. Sarajevo ilizingirwa kuanzia Aprili 1992 hadi Februari 1996. Barabara kuu ya mji ule ilipewa na wenyeji jina la uchochoro wa wadunguaji, na watu waliivuka mbio, wengine wakijikinga nyuma ya magari ya Umoja wa Mataifa. Mahakama ya kimataifa kule The Hague, ilipomhukumu Jenerali Stanislav Galić, kamanda wa Waserbia waliouzingira mji kuanzia mwaka 1992 hadi 1994, ilieleza watu walivyopigwa risasi wakichota maji, wakiwa ndani ya tramu, wakilima bustani zao na hata wakizika maiti wao. Mwaka 2003 alipewa miaka 20. Alikata rufaa, na mwaka 2006 mahakama ya rufaa ikampandishia adhabu ikawa kifungo cha maisha. Wale waliokuwa mlimani hawakukosea shabaha. Laiti wangekuwa na silaha mbovu zaidi, pengine wangekuwepo leo wazee wa Sarajevo ambao hawapo.

Na Gaza. Maandamano ya kurejea yalipoanza tarehe 30 Machi 2018, wadunguaji wa Israel walipangwa kwenye matuta ya udongo ng'ambo ya uzio. Siku iliyofuata jeshi lao lilitoa ujumbe hadharani kwamba hakuna kilichofanyika ovyo, kila kitu kilikuwa sahihi na cha kipimo, na kwamba wanajua kila risasi ilipotua. Baadaye ujumbe ule ulifutwa. Tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti yake mwanzoni mwa mwaka 2019: hadi mwisho wa Desemba 2018, watu 183 walikuwa wameuawa kwa risasi za moto katika maandamano yale, 35 kati yao watoto, na zaidi ya 6,000 walikuwa wamejeruhiwa kwa risasi. Tume ikasema kuna sababu za kuridhisha za kuamini kwamba wadunguaji walipiga wauguzi, waandishi wa habari, watoto na walemavu huku wakijua kuwa wanaonekana wazi ni watu wa namna hiyo. Israel iliikataa ripoti hiyo. Mmoja wa waliouawa alikuwa Razan al-Najjar, msichana wa huduma ya kwanza aliyekuwa na koti lake jeupe, tarehe 1 Juni 2018.

Sisemi kwamba bunduki ninayoizungumzia ndiyo iliyotumika pale. Ninachosema ni juu ya ule ujumbe uliofutwa. Aliyeuandika alidhani anajitetea. Alichukua hoja hii hii ya mpwa wangu, hoja ya usahihi, akaitoa kama hati ya usafi. Hakuona kwamba anajifungia mlango. Rubani aliyeangusha bomu Mosul anaweza kusema sikujua, na huenda kweli hakujua. Lakini mtu mwenye darubini inayokuza mara 25, akiwa ameegemea tuta, hana jua machoni wala haraka, yeye amebakiwa na udhuru gani? Kila daraja la ubora linaloongezwa kwenye chombo linaondoa daraja moja la udhuru kwa mwenye chombo. Hili halitajwi kwenye matangazo ya biashara, na sishangai.

Tena kuna kitu ambacho hata darubini bora haioni. Usama bin Zayd (r.a.) alimuua mtu vitani baada ya mtu yule kutamka shahada. Alipoulizwa, Usama alisema alitamka kwa kuogopa silaha tu. Mtume (s.a.w.) akamkemea kwa kumuuliza kama aliupasua moyo wake akaona kilichomo. Usama alikuwa karibu, anamwona mtu usoni, anasikia sauti yake, na bado aliambiwa hakujua. Sasa huyu wa mita 1,500 anaona nini? Anaona vifungo vya shati. Anaona mtu ameshika kitu. Simu? Redio ya upepo? Jembe? Sauti haifiki. Kama mtu yule ametamka neno la kujisalimisha, limetamkwa kwa upepo.

Mwandishi wa Kiingereza George Orwell alipigana Hispania mwaka 1937, upande wa serikali ya jamhuri, na ameeleza jinsi alivyokwenda kuvizia maadui karibu na mji wa Huesca. Akatokea mtu mmoja akikimbia juu ya ukingo wa handaki huku ameshikilia suruali yake kwa mikono miwili isimvuke. Orwell hakufyatua. Alikuja pale kupiga mafashisti, anasema, na mtu anayeshikilia suruali si fashisti, ni kiumbe mwenzako tu. Wiki chache au miezi michache kabla au baada ya hapo si muhimu. Muhimu ni kwamba mwezi Mei mwaka huohuo Orwell mwenyewe alipigwa risasi ya koo na mdunguaji wa upande ule mwingine, akanusurika. Wapo wanaosoma kisa hicho wakasema huo ndio ujinga wa huruma, ukimwacha leo atakuua kesho. Huenda. Mimi kinachonishika ni kwamba suruali ndiyo iliyomrudisha mtu yule katika ubinadamu, tena umbali ulikuwa mdogo. Kwa macho matupu Orwell aliona suruali. Je, tukimpa mdunguaji darubini kali zaidi ataona suruali nyingi zaidi, au atafundishwa kutoziona? Naona jeshi linalolipa dola milioni 50 halilipii huruma.

Hapo mpwa wangu akatoa ile kauli ambayo kila mtu huitoa mwisho: chombo hakina dhambi, dhambi ni ya mtu. Ni kweli, na katika historia yetu kuna kisa kinachoipa nguvu kuliko chochote nilichosoma kwa Wazungu. Wahshi bin Harb alikuwa mtumwa aliyeahidiwa uhuru wake akimuua Hamza (r.a.). Siku ya Uhud hakupigana na mtu yeyote. Alijificha penye mwamba, akamngoja Hamza apite, akamrushia mkuki. Hakuwa na kisasi naye, alikuwa na bei. Akapata uhuru wake. Miaka ikapita, akasilimu, na baada ya Mtume (s.a.w.) kufariki akatoka na mkuki uleule kwenda Yamama, akamrushia Musaylima aliyedai utume, akampata. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba amemuua mbora wa watu na amemuua mbaya wa watu. Mkuki mmoja, mkono mmoja, ustadi uleule wa kuvizia.

Kwa hiyo ndiyo, chombo hakina dhambi. Lakini endelea na kisa, usiishie unapopapenda. Wahshi alipokuja kusilimu, alipokelewa, Uislamu ukafuta yaliyopita. Pamoja na hayo Mtume (s.a.w.) alimuuliza kama anaweza kuuepusha uso wake asimwone. Hakumwadhibu. Hakumkataa. Ila hakuweza kukaa akimtazama. Anayetaka kutumia Wahshi kusema kwamba kuvizia ni ufundi tu kama ufundi mwingine, na aniambie kwanza uso ule uliepushwa kwa nini.

Na hata huo usemi kwamba chombo hakina dhambi unazidi mipaka yake unapotumiwa kumwosha aliyekitengeneza, aliyekiuza na anayekisifia. Wanazuoni wetu wa fiqhi hawakuona hivyo. Wamezungumzia kuuza silaha wakati wa fitna, na wengi wakakataza, ingawa upanga ni chuma tu kama jembe. Na Mtume (s.a.w.) aliamrisha kwamba mwenye kupita msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye ncha zake, isije ikamjeruhi Muislamu. Mishale ile haikuwa na dhambi, na aliyeibeba hakuwa na nia mbaya. Bado alitakiwa kuweka kiganja chake mwenyewe kwenye makali.

Wakristo nao walijaribu. Mwaka 1139, katika mtaguso wa pili wa Laterani, Kanisa lililaani ufundi wa wapiga pinde na mishale, likauita unachukiza kwa Mungu. Ni sheria nzuri mpaka uisome vizuri: ilikataza kuutumia dhidi ya Wakristo. Msomaji unajua karne ile majeshi yao yalikuwa yanapigana na nani upande wa Sham. Tusiwacheke sana, maana tabia ya kuona silaha ni mbaya ikituelekea na ni nzuri ikielekea kwingine haina dini. Mwaka 2010 ilibainika kwamba kampuni ya Trijicon ya Marekani ilikuwa ikichonga kwenye darubini za bunduki zilizopelekwa Iraq na Afghanistan alama za aya za Biblia, za Yohana na za Wakorintho. Kelele zilipopigwa, kampuni ikaacha. Waislamu tulikasirika, na tulikuwa na haki. Lakini miaka ile ile ya 2005 hadi 2007, mikanda ya video ya yule "Juba", mdunguaji wa Baghdad, ilikuwa ikizunguka mikononi mwa vijana wetu, ikiwa na kasida nyuma yake, na kila mwanajeshi alipoanguka watu walipiga takbira. Alikuwa akipigana na jeshi lililoivamia nchi, na hilo mimi silidharau. Ila niliwatazama waliokuwa wakitazama. Hawakuwa na huzuni ya mtu aliyelazimika. Walikuwa na furaha ya mtu aliyedungua embe.

Ndivyo walivyokuwa Wamarekani na wa kwao. Chris Kyle, aliyehesabiwa rasmi kuua watu 160 Iraq, aliandika kitabu mwaka 2012, na mwaka 2014 ikatoka filamu iliyojaza majumba ya sinema. Yeye mwenyewe hakuiona. Aliuawa Februari 2013 huko Texas, kwenye uwanja wa kulengea shabaha, na mwanajeshi mstaafu aliyekuwa akijaribu kumsaidia.

Mtu ataniambia kusifia si kuua. Mahakama za Marekani, nchi yenye bunduki nyingi kuliko watu, zimekwishaligusa jambo hilo. Kampuni ya Remington ndiyo iliyopewa mwaka 2013 mkataba wa bunduki 5,150 za wadunguaji za aina hiihii ya kubadilishana vipande, kabla mpango ule haujavunjika na Barrett kuingia. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyokuwa mmiliki wa jina la Bushmaster, bunduki iliyotumika Desemba 2012 katika shule ya Sandy Hook, walipouawa watoto 20 na watu wazima sita. Sheria ya Marekani inawakinga watengenezaji wasishitakiwe kwa uhalifu wa wateja wao. Familia tisa zikapita mlango mwingine: zikashitaki matangazo. Lilikuwepo tangazo lililomwambia mwanamume kwamba akiwa na bunduki ile amerudishiwa uanaume wake. Mwaka 2019 mahakama kuu ya jimbo la Connecticut ikaruhusu kesi iendelee kwa hoja hiyo ya matangazo, na mwaka 2022 familia zikalipwa dola milioni 73 na makampuni ya bima. Hawakulipwa kwa sababu chuma kilikuwa na kasoro. Chuma kilifanya kazi yake vizuri sana. Mashitaka yalikuwa juu ya maneno.

Nilipomweleza mpwa wangu hayo hakukubali hata nusu. Akanirudishia swali, na hili ndilo gumu kuliko yote, tena lipo karibu na kwetu. Tarehe 8 Aprili 2009 meli ya Maersk Alabama, iliyokuwa inakuja Mombasa na shehena ambayo sehemu yake ilikuwa chakula cha msaada, ilivamiwa na maharamia wanne wa Kisomali. Wakaondoka na nahodha, Richard Phillips, ndani ya boti ya kuokolea. Siku nne wakamshikilia. Jioni ya tarehe 12, mmoja wao akiwa ameshapanda kwenye manowari ya Marekani, makomandoo watatu waliolala nyuma ya manowari ile waliona bunduki imeelekezwa mgongoni kwa nahodha. Walifyatua kwa pamoja. Watu watatu, usiku, kutoka meli inayoyumba kwenda boti inayoyumba, na mateka akatoka akiwa hai. Yule wa nne, kijana mdogo, alipelekwa New York na mwaka 2011 akahukumiwa miaka 33 na zaidi.

"Ungekuwa wewe ndiye nahodha," aliniuliza, "ungetaka wale wana chombo kizuri au kibovu?"

Nilimjibu kwamba ningetaka kizuri kuliko vyote, na ningetaka wafyatue. Akapiga meza kwa ushindi, kahawa ikamwagika. Nikamwambia asubiri sijamaliza. Ningetaka pia nisijue majina yao, nisipeane nao mikono mbele ya kamera, na kijana yeyote asije akaniomba nimsimulie vile vichwa vitatu vilivyoanguka. Akaniuliza kwa nini, wakati wameniokoa. Nikamwambia arudi kwa Wahshi. Alinyamaza, halafu akaniambia kuwa kisa kile kimetengenezewa filamu mwaka 2013, na yeye ameiangalia mara tatu. Nikamuuliza kipande gani anachokirudia. Akawa anafuta meza.